Siku Meza ya Mwalimu Efrazia Ilipofungwa Kamba

"Mwalimu, sasa tucheke au tusicheke?"

Hilo ndilo swali nililomwuliza Mwalimu Efrazia mbele ya darasa zima, mbele ya mkufunzi wake aliyetoka Korogwe, na mbele ya bibi yangu mzaa baba, ambaye wakati huo alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mwalimu akiifunga miguu ya meza hiyo kwa kamba ya mkonge. Jina langu Tatu, nilikuwa darasa la pili. Niliuliza kwa nia njema kabisa. Tulikuwa tumekatazwa kucheka, nami kicheko kilikuwa kimenijaa mpaka masikioni, nikaona afadhali niombe ruhusa.

Hakunijibu. Lakini ngoja kwanza nieleze huyu Mwalimu Efrazia ni nani, na bibi yangu alifikaje chini ya meza.

Mwalimu Efrazia ni mtoto wa kambi ya mkonge. Baba yake, Mzee Matayo, alitoka Unyamwezi akiwa kijana, akaja kama manamba, yaani wale walioandikwa kazi huko huko kwao na kuletwa kukata mkonge wa Wazungu upande wa Korogwe. Mkataba wake ulipokwisha hakurudi. Akaoa, akazaa, akaendelea kukata. Efrazia alilelewa kambini, jirani wa kulia Mmakonde, wa kushoto Muha, na wa mbele usimwulize, maana walikuwa wakihama kila mara. Wote walikuwa wakisema Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake.

Alisoma shule ya misheni, akafaulu, akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu cha wasichana. Katika kambi ile hakuna mtoto, wa kike wala wa kiume, aliyewahi kufika huko. Mzee Matayo akapata ugonjwa wa kuitangaza habari hiyo. Akikutana na mtu njiani, hata asiyemjua, baada ya salamu anasema, "Binti yangu yuko chuo." Ukimwambia naona mvua itanyesha, anakujibu, "Itanyesha kweli, na binti yangu yuko chuo."

Mimi nilidhani chuoni watu hukaa na vitabu tu tangu asubuhi hadi jioni. Kumbe sivyo! Mwalimu Efrazia ameniambia walikuwa wakijifunza kwa mikono na miguu. Walipaka ubao masizi wenyewe. Walifinyanga ng'ombe wa udongo wa kuhesabia. Na kubwa kuliko yote, walifundishana wao kwa wao: mmoja anakuwa mwalimu, wengine wote wanajifanya watoto wa darasa la kwanza. Hebu fikiri! Wasichana wakubwa, wengine wameshachumbiwa, mmoja analia anamtaka mama yake, mwingine anamchoma mwenzake kalamu ya jiwe, mwingine anasema amebanwa na haja. Efrazia alikuwa hodari mno wa kujifanya mtoto mtundu. Ilipofika zamu yake ya kuwa mwalimu, alicheka mpaka akaketi chini.

Mkufunzi wao alikuwa Mwalimu Yuditha, Mshambaa wa Kwashemshi, mwembamba, amenyooka kama rula, asiyepaza sauti hata siku moja kwa sababu hakuna aliyethubutu kumlazimisha. Alimwambia, "Efrazia, utajua kila kitu duniani, lakini darasa lako likikosa utulivu, sitakupa cheti."

Maana mwisho wa masomo kila mwanafunzi hupelekwa kwenye shule ya kweli, yenye watoto wa kweli wanaolia kweli, akafundishe. Hayo ndiyo mazoezi ya kufundisha. Halafu mkufunzi anakuja, anakaa nyuma ya darasa, analitazama somo moja tu. Likiharibika, hakuna cheti, unafunga sanduku lako. Msichana mmoja wa mwaka uliotangulia alirudishwa kwao hivyo hivyo. Efrazia akawa anamwona baba yake njiani, amesimama na mtu, amefungua mdomo, hana la kusema baada ya salamu.

Akapelekwa kwetu, Handeni, kijiji cha Kwedilungu.

Alishuka kwenye lori la Fidahussein mwenye duka, na sanduku lake, picha zake alizozikunja, na kuku mtetea aliyepewa na mama yake. Tulimkimbilia kama tumefunguliwa zizini. Mwalimu mwanamke! Hatujapata kumwona. Walimu wetu walikuwa wanaume wawili, na mkubwa wao ni Mwalimu Eliasi, mtu mnene mwenye huruma. Tulimfuata hadi mlangoni kwake, tukamtazama akifungua mlango, tukamtazama akifunga mlango, kisha tukautazama mlango.

Jioni ile Mwalimu Eliasi akaropoka kwa wazee kuwa baba wa mgeni ni Mnyamwezi.

Loo! Kijiji kikawaka. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tangu zama za misafara, walipokuwa wakipita kwetu na mizigo yao kwenda pwani. Mtani hana adabu kwa mtani. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kuingia kwako akachukua anachotaka, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na wewe ukienda kwake ni vile vile. Kwetu Kwedilungu hatukuwa tumemwona mtani siku nyingi, watu walikuwa na njaa ya kumtukana mtu. Bibi yangu, Bibi Shida, ambaye hata msibani hakukaliki naye, alipopata habari alivaa kanga yake mpya kama anakwenda harusini. Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Efrazia, akamtazama, akasema:

"Wanyamwezi wamekwisha huko kwenu mpaka wanatuletea hiki kijiti?"

Efrazia akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

Bibi akashtuka kama amemwagiwa maji ya baridi. "Shikamoo? Mimi? Mtoto huyu mgonjwa?" Akamchukua kuku wake, akamweka kwapani, akaondoka zake akiimba.

Sasa sikiliza alichofanya Mwalimu Efrazia. Kambini makabila yote yamechanganyika, na baba yake alikuwa akirudi amechoka, hakuwahi kumweleza mambo haya vizuri. Akaenda mbio kwa Mwalimu Eliasi kushtaki!

"Mwalimu, nimeibiwa kuku mchana kweupe. Na aliyeniibia ni mzee wa kuheshimiwa!"

Mwalimu Eliasi alipojua ni nani, alishika ukuta. Alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni na mwiko. "Mwanangu," akasema akijifuta machozi, "hujaibiwa. Umesalimiwa."

Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Habari zikafika kwa bibi kuwa mtani amekasirika, tena ameshtaki. Kwetu hilo ni kosa, na kosa lina faini. Nilikuwapo bibi na wenzake walipokuwa wakilijadili wakipukuchua mahindi. Mmoja akasema twende leo. Bibi akasema, "Leo ya nini? Mtani humwendei siku ya uji. Unamwendea siku ya wageni." Wakakubaliana faini iwe pishi mbili za mahindi, na siku yenyewe iwe ile anayokuja mkubwa wake kutoka Korogwe. Mwalimu Eliasi alipowasihi wachague siku nyingine, bibi alimwuliza kama na yeye anataka kutozwa.

Basi Efrazia akafundisha huku akijua kuwa siku hiyo watakuja. Na mwanzoni hata kufundisha kwenyewe kulimshinda! Alitutundikia picha ya meli akatuuliza tunaona nini, tukasema nyumba inayoungua, kwa sababu ya moshi. Alituambia tupime urefu wa darasa kwa hatua, kila mtu akapata jawabu lake, wenye miguu mirefu wakawaita wenye miguu mifupi waongo, na Paulo, mtoto wa Mwalimu Eliasi, akapigwa ngumi. Jioni tulimwona amekaa mlangoni akiandika andalio la somo la kesho, anaandika, anafuta, anaandika.

Ndipo akaanza kupita majumbani. Alitaka kujua sisi watu wa Kwedilungu tunapima nini na tunapimaje. Alikaa jikoni kwa mama yangu akamtazama akipima unga. Alikwenda dukani kwa Fidahussein akasimama nyuma ya meza, akapimia watu chumvi mpaka Fidahussein akamwambia, "Wewe acha ualimu, kaa hapa, iko kazi." Akaazima kwake pishi na vibaba, vile vipimo vya bati vya nafaka, akavileta darasani. Tukapima mchanga, tukapima maji, tukapima kokoto. Tulilowa, tulichafuka, tulifurahi. Nilirudi nyumbani nikampimia bibi ugoro wake kwa kifuniko cha chupa, akanifukuza.

Siku yenyewe ikafika. Mwalimu Efrazia alikuja na gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alituambia kwa sauti ya kubembeleza, "Watoto wangu, leo msiseme bila kunyoosha kidole. Na tafadhali, tafadhali, leo msicheke." Akatutazama mmoja mmoja.

Mwalimu Yuditha akaingia, akaketi nyuma kwenye benchi la wakubwa, magoti pamoja, mikono pamoja. Hata nzi walitulia.

Somo likaanza. Kikapu cha mahindi mezani, pishi na vibaba kando yake. "Pishi moja ni vibaba vingapi?" Vidole juu. "Vinne, mwalimu." Vizuri sana. Kimya kizuri, vidole vizuri, chaki nzuri. Nikaanza kuona usingizi.

Mlango ukafunguka. Bibi Shida akaingia, nyuma yake wazee wawili na mama mmoja mwenye tumbo kubwa aliyekuwa akicheka tangu nje. Bibi hakupiga kelele. Alikuja akajibana kwenye benchi letu, kati yangu na Paulo, akakunja mikono. Kisha akanyoosha kidole. Kidole chake kilikuwa juu kuliko vidole vyote.

Mwalimu Efrazia akaangalia ubao. Akaangalia dirisha. Kidole kipo tu. Mwisho akasema kwa sauti iliyotoka kama uzi, "Ndiyo... bibi."

Bibi akasimama wima kama tulivyofundishwa. "Mwalimu, naomba ruhusa niifunge meza."

Hakungoja ruhusa. Akachomoa kamba ya mkonge iliyokuwa kiunoni, akapiga magoti, akaanza kuizungusha kwenye miguu ya meza akisema, "Kamba hii ni ya mkonge wa baba yako, kwa hiyo usilalamike. Meza imekamatwa. Mtani alikasirika, mtani alishtaki. Haifunguliwi mpaka zitoke pishi mbili za mahindi."

Hapo ndipo nilipouliza swali langu.

Mwalimu Efrazia alisimama ameshika chaki, mashavu yamevimba, macho yanang'aa kwa maji. Tulidhani anakaribia kulia. Mwalimu Yuditha nyuma hakutikisika. Nikasikia Paulo anatoa sauti puani, pfff, kama mpira unaotoboka. Akajaribu kuirudisha. Ikamshinda. Akapasuka! Naye alipopasuka, tulipasuka wote, benchi zikayumba, mmoja akaanguka, mama mwenye tumbo kubwa akaegemea mlango akisema nakufa, jamani, nakufa.

Na Mwalimu Efrazia akacheka. Alicheka kuliko sisi sote, kile kicheko cha chuoni alichokizuia tangu aliposhuka kwenye lori. Kilipokwisha alivuta pumzi, akaweka mikono kiunoni, akageuka mtu mwingine.

"Bibi Shida! Mahindi si haya hapa? Lakini mimi mgeni, pishi ya Wazigua siijui. Darasa! Pishi mbili ni vibaba vingapi?"

"Vinaneee!"

"Haya, bibi, pima mwenyewe. Watoto hawa ndio mahakimu."

Bibi akashika kibaba. Ungemwona! Alikichota, akakizungushia kiganja ili mahindi yasidondoke, akajaza kilima juu ya kilima, akakibeba kama amebeba yai. Alipomimina cha nne, pishi ilikuwa imejaa zamani, mahindi yanatiririka sakafuni.

"Mwalimu, anaiba!" Paulo akapiga kelele, bila kidole. "Anapima cha tele! Cha haki ni cha mfuto!"

"Cha mfuto ni kipi? Njoo uonyeshe."

Paulo akachota, akapitisha rula juu ya kibaba, sawa sawa. Vinne, pishi ikajaa ikatulia mdomoni. Tukapiga makofi.

Mwalimu Efrazia akamgeukia bibi. "Kumbe ni kweli nilivyosikia. Mzigua akipokea hupima mlima, akitoa hupima bonde."

Bibi akapiga kofi la furaha. "Eeeh! Kijiti kimepata mdomo! Na nyinyi mliobeba pembe za ndovu mpaka pwani, mkashindwa kuiona njia ya kurudi kwenu?"

"Tungeionaje, bibi, na aliyekuwa akituongoza ni Mzigua?"

Wale wazee wawili walilazimika kutoka nje wakacheke vizuri. Basi somo likahamia uani. Wazee wakawa wauzaji, sisi wanunuzi. Wanajaribu kutupunja, tunawakamata. Mzee mmoja alikuwa akificha kidole gumba ndani ya kibaba ili kiwahi kujaa, nilimkamata mimi. Mama mwenye tumbo alibishana na mtoto wa darasa la kwanza ambaye hata hakuwa wa darasa letu. Mwalimu Efrazia alikuwa akikimbia huku na huku, gauni limejaa vumbi, anauliza, "Vingapi? Mfuto au tele? Umejuaje?" Lile andalio la somo lilikuwa chini, mbuzi wa jirani anakula pembe yake.

Kisha akamwona Mwalimu Yuditha amesimama mlangoni. Akakumbuka. Nilimwona akikumbuka; mikono ilimdondoka.

Mwalimu Yuditha akaja polepole mpaka katikati ya ua. Bibi akamwambia, "Na wewe Mshambaa umeshuka milimani kufuata nini, hujui huku kuna jua?" Mwalimu Yuditha alitugeukia sisi, akauliza kwa ile sauti yake ya chini ambayo unaisikia hata kama hutaki:

"Watoto. Nani ataniambia, pishi moja ni vibaba vingapi?"

Tukajibu wote pamoja, kwa nguvu zetu zote: "Vya mfuto au vya teleee?"

Uso wake haukubadilika. Mwalimu Efrazia ameniambia kuwa hapo alitafuta neno la kumwambia baba yake na hakupata hata moja.

"Efrazia," Mwalimu Yuditha akasema, "nimekuja kutazama somo, nimekuta soko."

"Ndiyo, mwalimu."

"Utulivu hakuna."

"Hakuna, mwalimu."

"Lakini nimefundisha vipimo miaka mingi, na hakuna mtoto aliyewahi kunirudishia swali hilo." Akainama, akaokota punje moja ya mahindi iliyokuwa imenasa kwenye nywele za mwanafunzi wake, akampa. "Utapata cheti chako. Kwa shida, lakini utapata. Kesho asubuhi, kabla sijaondoka, utanifundishia somo lingine. La kimya. Na huyu bibi asiwepo."

"Nitakuwepo," bibi akasema.

Hakuwepo. Alikuwa amelala, sauti imemkauka kwa kicheko. Zile pishi mbili alizichukua, bila shaka, na za tele. Kuku naye alikuwa ameliwa zamani. Mwalimu Efrazia alipomwulizia, bibi alimwonyesha tumbo. Lakini tangu hapo hakukupita siku mtani asiingie kwetu bila hodi na kufunua sufuria. Siku alipoondoka aliichukua ile kanga mpya ya bibi mbele ya macho yake, akajifunga, akapanda lori. Bibi alilia na kumtukana kwa pamoja mpaka vumbi la lori likaisha.

Hayo yalipita. Mimi sasa niko shule ya kati hapa Korogwe, na Mwalimu Efrazia anafundisha mjini, anakaa Manundu. Mzee Matayo ameacha kukata mkonge, anakaa naye, na nilipomsalimia mara ya kwanza alinijibu marahaba kisha akaniambia binti yake ni mwalimu. Chuo humletea Mwalimu Efrazia wasichana wa mazoezi, akae nao darasani. Nimewaona wawili, wanaandika andalio, wanafuta, wanaandika, kama alivyofanya yeye.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumsaidia kuchambua mchele. Tulikuwa tukikumbuka habari za bibi, tunacheka, mara nikamwambia, "Lakini mwalimu, siku ile nilikuuliza swali, hukunijibu mpaka leo. Tulikuona umesimama umevimba mashavu, tukadhani unalia."

Akauweka ungo chini.

"Nilie? Tatu, mimi nilikuwa nimekibana kicheko tangu bibi yako aliponyoosha kidole. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa. Ningeanza mimi, nimekwisha, narudi kambini. Uliponiuliza vile, nilikuwa namwomba Mungu kwa moyo wangu wote mmoja wenu aanze."